Daktari wa Injini na Gari la Mshonaji

Fundi yule walimwita Daktari, maana hakuligusa gari kabla ya kulisikiliza. Ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, macho kayafumba kama anasali. Kusema kweli hakuwa akisikia lolote. Alikuwa anangoja mteja aanze kutetemeka.

Asubuhi moja mama mshonaji akaingia gereji. Gari lake lilisimama, mguu wake mmoja tayari uko nje ya mlango, lakini injini bado inanguruma kama imekanyagiwa mafuta mpaka mwisho.

"Mwanangu, ndivyo linavyopiga kelele. Na nina sare za shule nzima za kupeleka kabla ya Jumatatu."

Daktari akafungua boneti. Jicho moja lilitosha: mpira mwembamba wa hewa umechomoka, injini inavuta upepo wa bure. Kuurudisha ni kazi ya vidole viwili. Lakini gari lenyewe! Rangi inang'aa, viti havina hata mchaniko. Mate yakamjaa mdomoni. Akachukua bisibisi, akafumba macho.

"Pole, shangazi."

"Pole ya nini tena?"

"Injini imekufa. Kelele hii unayoisikia ni roho inatoka."

"Haiponi?"

"Mimi ni daktari, si Mungu."

Mama akakalia tairi bovu, akajifuta macho kwa kipande cha kitambaa. Daktari akamwonea huruma, ile huruma ya paka kwa panya. Akamwonyesha pikipiki yake, haijamaliza hata mwaka.

"Tubadilishane. Wewe upeleke sare zako, mimi niachie huo mzoga nitoe vipuri. Kuendesha unajua?"

"Tangu hujazaliwa. Lakini utajuta, mwanangu. Watu watasema nimekuonea."

"Nani aseme? Nimepima mwenyewe!"

"Basi yaseme hayo mbele ya shahidi."

Akaitwa fundi wa kuchomelea, jirani. Daktari akatangaza kwa sauti nzito kwamba injini imekufa, ameipokea hivyo hivyo, hakuna kurudishiana. Wakaandikiana, wakatia saini, wakapeana kadi za vyombo.

Mama alikuwa bado anafunga furushi la sare nyuma ya pikipiki, Daktari akashindwa kungoja. Akausukuma mpira mahali pake. Ngurumo ikashuka, ikawa laini kama paka aliyeshiba. Akatabasamu.

Kisha, ndani kabisa: ko, ko, ko.

Kelele ilikuwa imefunika ugonjwa. Ilipoondoka, ugonjwa ukasikika. Injini ikakohoa, ikazima. Akaiwasha tena. Ko, ko, kimya. Mara ya tatu haikujibu hata salamu. Daktari akatega sikio, bila bisibisi, na kwa mara ya kwanza maishani akasikiliza kweli.

"Shangazi! Mpira huu nani kauchomoa?"

"Mimi. Ukiwa mahali pake, gari halifiki hata hapa kwako."

"Umenidanganya!"

"Mimi? Mimi nimesema linapiga kelele. Aliyesema imekufa ni nani?"

Akawasha pikipiki, akamgeukia shahidi.

"Mtunze sana huyu kijana. Mafundi wanne wamenidanganya kwamba itapona. Yeye peke yake ndiye aliyeniambia ukweli."