Habari za Vita vya Mzee Felisian na Kitabu cha Mapenzi

Naapa kwa meno yangu yaliyobaki, na kwa miwani hii iliyofungwa waya mguu mmoja, kwamba haya nitakayoyasimulia ni kweli tupu, sikuongeza hata nukta. Sogeeni basi, enyi wa Musoma mnaoanika dagaa, nanyi wa Bunda wenye pamba na makelele ya stendi, nanyi wa Butiama, majirani zangu msioniamini. Wekeni chini majembe, zimeni redio, fungeni mbuzi vizuri, mpate kusikia jinsi mimi Felisian, mstaafu wa kiwanda cha pamba, simba wa kibarazani, niliyeacha shule darasa la nne na mengine nikajifundisha kwa magazeti ya kufungia sukari, nilivyotoka peke yangu kupigana na kitabu chenye kurasa nyingi kuliko nywele zangu.

Chanzo cha vita kilikuwa njaa. Binti yetu Jenipher, mwalimu huko Musoma, alimletea mama yake riwaya nene ya mambo ya pwani ya zamani: enzi za masultani, ngome na bandari, binti Mwanakheri mwenye macho ya kulaza watu njaa, na nahodha Sudi aliyempenda, na katikati ya mapenzi hayo pete ya yakuti ya liwali ikaibwa, Sudi akasingiziwa, na mwizi hajulikani. Mke wangu Gaudensia, ambaye siku zote hupakua saa saba kama kengele ya misheni, alikimaliza kitabu hicho, akamwazima jirani, kikarudi, akakianza upya. Maharage yakaungua. Kesho yake hayakubandikwa kabisa.

"Mama Prosper," nikanena kwa sauti ya majemadari, "hivi mume wako ni mimi au ni huyo Sudi?"

"Sudi hanisumbuagi habari za maharage," akajibu, wala hakuinua jicho.

"Kitabu cha wasichana hicho! Mimi nakimaliza kabla ya Jumamosi, na mwizi nakutajia kwa jina!"

Hapo akainua jicho. Laiti asingeliinua. "Wewe? Wewe unayesinziaga hata tangazo la msiba likisomwa?"

Jirani yetu Eufrasia, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya sala, ndiye aliyekiazima kile kitabu, na siku hiyo alikuwa amekuja kuchukua kinu chake. Hakuchukua kinu. Aliketi juu yake, akawa hakimu. Masharti yakatamkwa kwa uzito wa mkataba wa wafalme: nikishinda, nichinjiwe jogoo mwekundu aliyekuwa akitunzwa kwa Krismasi, nikishindwa, Jumamosi jumuiya itakaposali kwetu, mimi mwenyewe, kanga kiunoni, niwasongee akina mama ugali wa mtama na muhogo. Msomaji wa mbali asidhani ni ule ugali mweupe wa mjini. Huu wetu hupigana. Na mzee wa Butiama akionekana ameshika mwiko, habari hufika Mugeta kabla hajanawa mikono.

Ndipo nikaivaa miwani kama mtu avaavyo deraya, nikafungua lango la sura ya kwanza. Lo! Herufi zilinijia kwa makundi, ndogondogo kama sisimizi, zikanizunguka kulia na kushoto. Nikazikata kwa kidole, mstari baada ya mstari, nikivuka ngome, nikipita bandari, nikiingia hata chumba cha Mwanakheri, ambako kwa heshima niligeuza uso nikasoma kwa jicho moja. Usingizi, adui wa kale, ukanishambulia kwa nyuma. Nikaamka nimelala juu ya liwali. Nikaona nyumbani kuna hila, nikakitia kitabu kwapani nikaenda Bunda, kwa wazee wenzangu wa kiwandani, mahali pa utulivu, watu wanapocheza drafti kwa vizibo vya soda. Yaliyotokea huko historia isiniulize sana. Itoshe kusema nilirudi jioni, kitabu kimefungwa, nami ni hai.

Jumamosi ikafika. Sala ikaisha, akina mama wakajipanga kwenye mikeka, jogoo akapita mlangoni kwa madaha asijue kwamba anajadiliwa.

"Haya, baba Prosper," akasema Eufrasia, "mwizi wa pete ni nani?"

Nikasimama. Nikakohoa. "Ni mpwa wa liwali!"

Mikeka ikavuma. Ilikuwa kweli! Mimi mwenyewe nilishangaa, maana nilibahatisha tu. Katika maisha yangu sijaona mali ya mjomba ikipotea mpwa akiwa mbali. Gaudensia akamtazama jogoo kwa huruma. Eufrasia akauliza kama kisu kinajulikana kilipo. Vita vilikuwa vimekwisha, enyi wasikilizaji. Nilichotakiwa ni kukaa chini.

Sikukaa.

"Na mnakumbuka," nikanguruma, "Sudi alipotoroka akapotelea baharini na kile kingalawa chake? Kwa siku na siku, hakuna nchi kavu, jua linachoma! Alitishika? Hakutishika! Aliinama ukingoni, akachota maji kwa kiganja, akanywa akashiba, akanawa uso, akajaza na mtungi pomoni, akapika uji!"

"Alichota wapi?" akauliza Eufrasia.

"Si hapohapo baharini! Kwani yeye hana mikono?"

"Baba Prosper, ile ni bahari. Sio ziwani Musoma."

"Maji ni maji!"

Mama mmoja akajiangusha kwenye mkeka, mwingine akamshika akaanguka naye. Gaudensia peke yake hakucheka. Alinisogelea kwa upole unaoumiza.

"Yana chumvi, mume wangu. Hayanywekagi. Kiu ndiyo ilimfanya auinue mtungi mpaka tone la mwisho, na kwenye kitako pete ikalia. Yule mpwa ndimo alimoificha. Angekunywa hiyo bahari yako, pete ingekuwa humo mpaka leo. Sema kweli, ulisoma ukaishia wapi?"

"Nilifika... alipopanda ngalawa."

"Katikati!" akapiga kelele Eufrasia. "Leteni kanga!"

Hivyo nikafungwa kanga ya maua, nikapewa mwiko mrefu kama mkuki, nikasimama mbele ya sufuria inayochemka. Unga ukaingia. Ugali ukanishika mkono, nami nikaushika; nikaugeuza, ukanigeuza; jasho likatiririka, akina mama wakipiga vigelegele na wengine wakipiga picha kwa simu. Naye Gaudensia, kwa huruma au kwa kisasi, akavuta kigoda, akafungua ilipo ngalawa, akaanza kunisomea.

Sudi midomo imepasuka. Sudi anautikisa mtungi. Sudi anauinua juu ya uso wake...

"Koroga, baba Prosper! Unaungua!"

"Ninyi nyamazeni!" nikasema, mwiko umesimama wima katikati ya ugali kama mlingoti. "Mama Prosper, rudia hapo. Mtungi ulilia vipi?"

Iandikwe basi, na ijulikane kutoka Butiama hadi Musoma, kwamba kitabu kile kilisomwa hadi ukurasa wa mwisho, na mzee Felisian alikuwepo macho makavu, hakusinzia hata kidogo. Ugali uliungua. Jumuiya yote iliula, na ukoko wake waliugombania.