Wamethodisti Tisa wa Pea Fork

Jumatatu, 4 Agosti

Barua kutoka kwa msimamizi wa wilaya, Mchungaji Pell. Anakuja Jumapili kuhesabu vichwa. Tusipofika ishirini na watano, kanisa letu la hapa Pea Fork linafungwa. Tuko tisa, ukimhesabu Bi Eula, ambaye husinzia tangu wimbo wa kwanza. Mimi ndiye mzee wa kanisa. Mbao za kuta zake alizipigilia babu yangu. Nimechoka hata kabla ya kuanza. Lakini nina mpango.

Jumanne, 5 Agosti

Nimevuka barabara kwenda kwa Wabaptisti. Shemasi wao, Hoyt Scroggins, hatujapatana naye tangu darasa la pili. Nilimwomba aniazime watu kumi na sita, kwa saa moja tu. Alicheka mpaka akatafuta kiti.

"Verlon, nyie mnabatiza kama mtu anayenyunyizia shati maji kabla ya kulipiga pasi. Watu wangu wamezoea kuzamishwa mzima; watakufa kiu humo."

Nimerudi nyumbani. Jua la Alabama halina huruma, na barabara ile ni pana kuliko inavyoonekana.

Alhamisi, 7 Agosti

Leo afadhali. Arvil wa Kanisa la Kristo atakuja. Watakuwa kumi pamoja naye, mradi kinanda kisiguswe. Kwao ala za muziki kanisani ni dhambi. Nimekubali. Dada Twyla wa Wapentekoste ataleta kundi lake, kumi na wawili pamoja naye, mradi waje na ngoma zao. Nimekubali pia.

Mke wangu Maurine aliuliza hayo mawili yatakaaje pamoja. Nilimwambia yeye afikirie kuku wa kukaanga, mengine aniachie.

Jumapili, 10 Agosti

Saa nne asubuhi, watu thelathini na mmoja! Mchungaji Pell alitabasamu.

Kisha Twyla akapiga ngoma. Arvil alinitazama kama mtu aliyeibiwa ng'ombe, akasimama, na watu wake wakamfuata mlangoni mmoja mmoja. Bi Eula akazinduka, akadhani kanisa linaungua, akatoka nao. Tukabaki ishirini.

Mchungaji Pell akaomba, kwa upole, wanachama halisi wasimame. Tulisimama wanane. Akafunga daftari lake taratibu. Alisema anasikitika, na nadhani alisikitika kweli.

Nje, Maurine hakunigombeza. Alisema tu, "Tulioana humu, Verlon. Ungeniambia mapema kwamba linaweza kufungwa, tungekaa siku ya mwisho kwa utulivu."

Nilishika sahani ya kuku mpaka ikapoa.

Jumatatu, 11 Agosti

Hoyt amekuja na pai ya pichi. Hakucheka. Alisema kwenye benchi lake kanisani kwao kuna nafasi yangu na ya Maurine, na hakuna atakayetuuliza kitu. Nilimshukuru kwa dhati. Nikasubiri gari lake lipotee.

Kisha nikaenda makaburini nyuma ya kanisa, na penseli. Namwandikia askofu, mkubwa wa Pell, kwamba tumepata wanachama wapya kumi na sita. Majina nayanakili kutoka kwenye mawe ya makaburi. Maurine alipaza sauti kuuliza nafanya nini juani. Nikasema nang'oa magugu.

Nimefika wa kumi na moja. Wote Wamethodisti halisi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuhamia kwa Wabaptisti.