Daktari wa Rangi na Ijumaa ya Nyaramba

Kitendawili! Tega. Kivulini nguo yangu mpya, juani nimevaa utando wa buibui. Umeshindwa? Basi nipe mji, nikuambie: ni gari jeusi la Mwalimu Onsongo.

Gibson Ombati aliliona likiingia pale Kiogoro anapooshea magari, na moyo wake ukacheka kabla ya mdomo. Miaka mingi gari lile lilikuwa limesuguliwa kwa matambara yenye mchanga, na sasa jua likilipiga, bodi nzima inajaa mikwaruzo ya duara, duara ndani ya duara. Mwalimu alikuwa amestaafu, na alitaka kumuuzia Mama Nyanchoka wa Nyaramba, mjane mwenye chai nyingi na maneno machache. Alitaka gari liwe kama limetoka melini juzi.

Gibson alilizunguka polepole kama daktari anayezunguka kitanda, akaguna, akagusa boneti, akafumba macho. Alieleza kwamba rangi hii inahitaji upasuaji kamili: mashine ya kusugulia, hatua kwa hatua, mpaka mikwaruzo yote ing'olewe na mizizi. Mashine hiyo hakuwa nayo. Alikuwa na kopo la nta, ile nzito inayoingia ndani ya mikwaruzo na kulala humo kama unga kwenye nyufa za meza. Ukiipaka, gari linang'aa mpaka nzi anateleza. Ukiliosha kwa sabuni kali, nta inatoka na buibui wanarudi nyumbani.

Hakutaka pesa. Mwalimu alikuwa na chumba mjini Kisii, karibu na Daraja Mbili, chenye paa, bomba la maji na ukuta mpana wa kuandika jina. Gibson alikuwa amekiota chumba hicho mpaka akajua rangi ya mlango. Wakakubaliana: gari likiuzwa, chumba ni chake.

Mpango wake ulikuwa mtamu. Mama Nyanchoka ni Msabato. Siku ya Sabato haguswi mtu na biashara, wala sabuni haitoki kabatini. Kwa hivyo gari lifike kwake Ijumaa alasiri, lilale uani, na Jumamosi yote mama alitazame likimetameta bila ruhusa ya kulizungumzia. Tamaa iive taratibu kama ndizi kwenye majani. Jumapili ataomba mwenyewe kalamu ya kutia sahihi.

Gibson alikuwa Mkatoliki. Sabato aliijua. Ijumaa ya Wasabato hakuijua.

Alipoliingiza gari kwenye boma la mama Ijumaa ile, alidhani kuna mafuriko. Siku ya maandalio! Kila kitu kilikuwa kikioshwa kabla jua halijatua: sufuria, viatu, watoto, mlango wa choo. Mbwa alikuwa amelowa na amekasirika. Jogoo mwenyewe alionekana kama amechanwa kwa kitana. Mama Nyanchoka alimpokea kwa heshima zote, akamketisha ndani, akamwekea chai na ndizi za kuchemsha. Gibson, kwa raha ya tumbo, akajisifu wee. Akasimulia upasuaji wa rangi, na jinsi mwalimu atakavyompa chumba cha Daraja Mbili chenye bomba. Mama alisikiliza tu, akimwongezea chai.

Kikombe cha pili kilimwangukia mapajani aliposikia maji yakimwagwa nje. Alitoka mbio. Natasha, binti wa mama, alikuwa juu ya gari na ndoo ya maji moto yenye povu la sabuni ya vyombo.

"Dada, shuka! Hiyo rangi imetoka kwa daktari juzi, haijapona!"

"Kwani imelazwa?" Natasha akauliza, akiendelea kusugua.

Mama Nyanchoka alikuja nyuma yake akitabasamu. "Omwana one, mwanangu, gari la mgeni haliwezi kuiona Sabato likiwa na vumbi la barabara. Majirani watasema nini juu yetu?"

Ukarimu ule haukuwa na breki. Waliosha, wakasuuza, wakaosha tena. Jua la jioni likapiga boneti, na utando wote ukafunguka, duara ndani ya duara. Gibson alichomoa kopo lake mfukoni. Wakati huohuo wimbo wa kuikaribisha Sabato ukaanza sebuleni, na jua likazama nyuma ya mikaratusi.

"Weka chini," mama akasema kwa upole. "Kazi imekwisha mpaka kesho jioni."

Akaomba apake kwa kidole kimoja tu.

"Hata kidole ni mfanyakazi. Kipumzishe."

Jumamosi ile ilikuwa ndefu kuliko Kwaresima. Baada ya ibada, kanisa zima lilipita uani kunywa maji na kulitazama gari, na hakuna aliyeuliza bei, kwa kuwa ni Sabato. Walisifu tu. Mzee mmoja alitaka kujua kama maua yale yalichorwa hukohuko Japani. Gibson alijibu kwamba ndiyo, kwa mkono, na akaimba wimbo uliofuata kwa nguvu sana.

Jua lilipotua, mama alilifungia gari stoo pamoja na mbolea, lisije likaibwa.

Jumapili asubuhi Mwalimu Onsongo akafika amevaa suti. Gari lilitolewa juani. Mwalimu akaliona, akamtazama Gibson, akatazama viatu vyake.

"Mwalimu," mama akasema, "ulinipigia simu ukaniapia kwamba halina mkwaruzo hata mmoja. Kanisa lote limeiona mikwaruzo. Wakiniuliza, niwaambie nini juu ya mwalimu wao?"

Mwalimu alijaribu kumtupia lawama daktari. Mama akakubali kwamba daktari naye ana lake. Kisha akasema bei itabaki ileile, hatabishana na mtu aliyemfundishia watoto, ila gari lije na kile chumba cha Daraja Mbili. Atakitumia miaka mitano bila kodi. Mwalimu alifikiria jina lake kanisani, akatia sahihi. Gibson alisikia chumba kikihama kifuani mwake, bomba, paa na ukuta.

"Na wewe usinune," mama akamwambia. "Mimi chumba ninacho, sina mfanyakazi."

Siku hizi ukutani pameandikwa kwa herufi kubwa: KABLA HUJANUNUA GARI, LETE TULIOSHE. Ndani kuna meko, ndoo na sabuni ya vyombo. Asubuhi ya kwanza mteja alileta gari jeupe linalong'aa mpaka linaumiza macho, na muuzaji akiwa amekaa mbele, amejaa tabasamu. Alikuwa Obwocha wa Kiogoro. Wiki mbili nyuma Gibson alikuwa amelipaka gari lile kwa mikono yake mwenyewe, na kumwapia Obwocha kwamba ni upasuaji kamili.

Obwocha alipomwona, tabasamu likarudi ndani. Gibson akatafuta mlango kwa macho. Mlangoni alikuwa amesimama Mama Nyanchoka, ameshika birika.

"Maji yamechemka, Daktari," akasema. "Mwaga."