Majlisi Niliyoijenga Juu ya Matundu ya Joto

Leo nimejiaibisha mbele ya watu waliokuja kumposa binti yangu, na bisibisi ilikuwa yangu mwenyewe.

Naomba nieleze kwa utaratibu. (Utaratibu ndio ulioniponza, lakini sijui njia nyingine.)

Sisi ni watu wa Tanga, tunaishi Bowie, Marekani. Mwezi uliopita tulipata taarifa kwamba familia moja ya mji wa Herndon italeta barua ya posa ya Zuhura wetu. Mke wangu akasema wageni wa posa hawaketishwi kwenye sofa lililochanika. Nikasema nitajenga majlisi: mabenchi ya chini kuzunguka kuta tatu, magodoro, mito, kama sebule ya marehemu baba. Useremala sijausomea darasani. Nimejisomea. Nina daftari.

Tatizo lilikuwa moja tu. Nyumba yetu hupashwa joto na mashine iliyoko chini ya sakafu. Hewa ya moto hutokea kwenye matundu yaliyo chini ya kuta, usawa wa kifundo cha mguu. Sebuleni yako matano. Na benchi la majlisi linataka kukaa palepale.

Nilitafakari siku mbili, kisha nikaamua. Matundu manne nitayafunika kwa plaiwudi, skrubu sita kila moja, na kujenga mabenchi juu yake. La tano nitaliacha wazi chini ya kiti cha mgeni mkuu. Hewa yote itatokea pale, itapanda, itasambaa chumba kizima. (Niliichora. Mishale ilipendeza sana.)

"Baba Zuhura, unaziba joto," mke wangu aliniambia.

"Sizibi. Naelekeza."

Leo saa nane mchana wakafika, watu wanne, nje theluji. Mshenga wao ni Mzee Shaaban, mtu mnene, mpole, kanzu imenyooka. Pamoja naye Bi Tatu, shangazi wa kijana, na wazee wawili wasiopenda maneno. Nikamweka Mzee Shaaban kwenye kiti cha heshima, wengine wakajipanga kutani. Wakaisifu majlisi.

Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza. Sikunyamaza. Niliwapa vipimo, nikawaletea pimamaji ili waone jinsi mabenchi yalivyokaa sawa.

Mzee Shaaban akaniuliza taratibu, "Na joto, Bwana Faraji, linapita wapi?"

Ah! Nilifurahi. Nikasema moyoni, huu ni ukoo wa watu wadadisi. Nikamfundisha mambo ya hewa ya moto kwa robo saa, na daftari nikamwonyesha. Akatikisa kichwa. "Kumbe," akasema. "Kumbe."

Baada ya nusu saa nikaona mambo mawili. La kwanza, Bi Tatu na wale wazee hawakuwa wamevua makoti. La pili, Mzee Shaaban alikuwa anatokwa jasho hadi kwenye ndevu.

Mke wangu akanivutia jikoni. "Hawavui makoti. Wanataka kuondoka! Umewachosha na mbao zako."

"Na yule mzee mbona anatoka jasho?"

"Ana jambo zito, anashindwa kulitoa. Posa imeharibika!"

Zuhura alikuwa amejificha jikoni, macho yamemjaa machozi. "Baba, it's freezing in there, wanaganda," akasema. Nikamwambia asichanganye mada.

Nikarudi. Bi Tatu ameshika kikombe cha kahawa kwa mikono miwili kama anakiombea dua.

"Sebule nzuri, mwenye nyumba," akasema, "ila mimi nahisi mmenihifadhi kama samaki kwenye barafu."

Mke wangu akaenda kwenye swichi ya mashine ukutani, akapandisha joto mpaka mwisho.

Wakati huohuo Mzee Shaaban akasimama. Akatoa barua, imefungwa kwenye kitambaa cheupe. Akakifungua. Akakohoa. "Bismillahi. Sisi tumetumwa..."

Mashine ikanguruma chini ya sakafu. Hewa ya sebule nzima, yenye njia moja tu ya kutokea, ikatokea. Mto ukaruka. Kanzu ya Mzee Shaaban ikajaa upepo kama puto, akaishika kwa mikono yote miwili kulinda heshima yake. Barua nani aliishika? Hakuna. Ilipaa juu ya kichwa cha Bi Tatu, ikatumbukia kwenye ufa wa vidole viwili kati ya benchi na ukuta. (Ufa niliouacha makusudi, ili ukuta upumue.)

Wote tukainamia ufa.

Nikaingiza mkono. Haufiki. Nikaingiza mwiko wa pilau. Haufiki. Kulivuta benchi haiwezekani. Nimeliwekea skrubu ishirini na nne, na gundi. Kwa hiyo ndugu zangu, nimepiga magoti nimevaa kanzu yangu ya Idi, nimeanza kubomoa majlisi mbele ya wakwe watarajiwa, skrubu moja baada ya nyingine. Kwenye ya tisa mkono ukanishinda.

"Lete hiyo bisibisi, Bwana Faraji," Mzee Shaaban akasema, akikunja mikono ya kanzu. "Ni kazi yangu. Mwaka wa kumi na tisa huu nafunga mashine za joto kwenye nyumba za watu."

Nikamtazama. Robo saa nzima nilimfundisha!

"Ulijua tangu ulipoingia?"

"Tangu mlangoni."

"Mbona hukusema, mzee wangu? Umekaa unaiva!"

"Nimekuja kuomba mtoto wa mtu. Nianze kwa kumkosolea ukuta?"

Barua ikapatikana, ina unga wa mbao lakini nzima. Plaiwudi nne zikang'olewa. Baada ya dakika kumi makoti yakavuliwa yote, na Bi Tatu akaomba kahawa ya pili. Barua ikasomwa watu wakiwa wamekaa sakafuni, kwa kuwa mabenchi hayakuwapo tena. Mzee Shaaban akamalizia, "Tukikubaliwa, tunalo ombi dogo la pili. Harusi isifanyike humu."

Zuhura nilimsikia jikoni akicheka, akijifuta macho.

Kwa desturi jibu la posa halitolewi siku ileile. Lakini mke wangu ameshaamua: ukoo wenye fundi wa joto haukataliwi na nyumba yenye mimi.