Ndama wa Bluu

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu ametoa tamko kabla sijamaliza chai. Mwaka jana ndama sita walikufa kwa homa ya mapafu mikononi mwangu. Mwaka huu nikifanya uzembe tena, ufunguo wa zizi anampa kaka yake. Amesema kwa sauti ya chini. Sauti ya chini ndiyo mbaya.

Ng'ombe hawa wa nyama aliachiwa na marehemu baba yake, kwa hiyo siwezi kubisha sana. Lakini shemeji! Mtu ambaye akinunua sabuni anaiandika kwenye daftari. Mimi namwita Bwana Daftari. Yeye ananiita shemeji, kwa heshima zote, na hilo ndilo linaniudhi zaidi.

Daktari wa mifugo analeta chanjo kesho. Nina mpango tayari. Sijamwambia mtu.

Jumanne, 4 Machi

Chupa nne zimefika kwenye boksi la barafu, kila moja dozi kumi. Ndama wako thelathini na wanane. Maelekezo ya daktari hayaishi: changanya chupa moja moja, ikishachanganywa itumike ndani ya saa moja, ndama aliyechomwa apelekwe zizi la pili, na namba ya hereni yake iandikwe. Nikamwambia aende zake salama, nimeshika sindano kabla yeye hajaota ndevu. Amesema atarudi Ijumaa kukagua.

Namba za hereni! Nisome namba kwenye sikio linalopigapiga, tena lililojaa kinyesi? Mpango wangu ni rangi. Imebaki nusu ndoo ya bluu tuliyopakia mlango wa choo. Ndama akichomwa, mstari mgongoni. Mtu atauona hata akiwa juu ya paa.

Jumatano, 5 Machi

Ushindi. Tumeanza saa tatu, saa tano nimenawa mikono.

Shemeji alitokea na daftari bila kualikwa. Nikamweleza kwamba kwangu kazi hufanywa kimya: akae juu ya uzio na asiseme neno lolote kuhusu chanjo mpaka daktari arudi. Akakaa. Mtiifu, hilo siwezi kumnyima.

Mchungaji wetu wa ng'ombe alikuwa anawasukuma ndama kwenye kichochoro cha mbao, mmoja mmoja. Navuta ngozi ya shingo, sindano, mstari wa bluu, mwingine. Zizi la pili sikulitumia. Kuwatenga ni kupoteza muda, na rangi ipo kwa ajili gani? Nikawa nawarudisha kwa wenzao, rangi bado mbichi.

Kufikia chupa ya tatu, kila nikigeuka ni bluu. Migongo, mbavu, mashavu. Wawili tu walikuwa wasafi, nikawachoma. Baadaye niliona mama zao wana ndimi za bluu. Sijui wamekula nini.

Ndama wote wana rangi, nikatangaza kazi imekwisha. Na kwenye boksi imebaki chupa nzima, haijafunguliwa! Wengine hubakiza tone. Mimi nimebakiza dozi kumi. Hicho ni kipaji.

Shemeji alinyoosha kidole kama mwanafunzi. Nikamkumbusha makubaliano yetu. Akashuka akaenda zake.

Alhamisi, 6 Machi

Kidevu amekohoa.

Kidevu ni ndama wa mke wangu kabisa. Mama yake alikufa akimzaa, kwa hiyo amelelewa kwa chupa ya maziwa mlangoni mwa jikoni. Asubuhi amegoma kunywa. Amekohoa mara tatu, mbavu zinapanda na kushuka. Nimeogopa, naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma.

Hata hivyo sikupoteza akili. Nikampeleka banda la kuni, nikamwekea redio, sauti juu. Kikohozi hakisikiki hata kidogo. Kumwita daktari leo ni kujichongea bure. Anakuja kesho, na kesho huenda mnyama amepona.

Mke wangu akauliza kwa nini banda la kuni linasikiliza taarifa ya habari. Nikasema kuni zinakauka vizuri zikipata mtikisiko. Akanitazama. Afadhali angetumia ile sauti ya chini.

Ijumaa, 7 Machi

Betri za redio zimekufa daktari akiwa hatua mbili kutoka kwenye banda.

Akasikia. Akaingia. Akauliza kama huyu alichanjwa. Nikamwonyesha bluu kuanzia shingoni mpaka mkiani. Akauliza namba. Nikamwonyesha bluu tena.

Akafungua boksi la barafu. Mke wangu naye akachungulia, akaanza kuhesabu kwa vidole: chupa tatu zimetumika, dozi thelathini, ndama thelathini na wanane. Nikawaeleza habari ya kipaji. Wakanisikiliza wote, hata mchungaji, mpaka mwisho. Hakuna aliyenisaidia.

Ndipo Bwana Daftari akauliza kwa adabu kama sasa anaruhusiwa kusema. Akasoma: sindano thelathini, ndama ishirini na wanane. Namba kumi na nne na namba ishirini na saba wamechomwa mara mbili. Kumi hawakuguswa, namba zao hizi hapa. Wa kwanza kwenye orodha ni namba tisa. Kidevu.

Daktari akasema chanjo ya juzi isingemkinga ndani ya siku mbili, ugonjwa alikuwa nao tayari. Nikaanza kutabasamu. Akaongeza kwamba angeitwa jana, dawa ingemkuta ana nguvu. Kama atavuka siku tatu, atapona. Nikaacha kutabasamu.

Wale tisa wengine wamechanjwa kwa dakika ishirini, shemeji akisoma hereni. Mke wangu amekaa kwenye banda la kuni, kichwa cha Kidevu mapajani, rangi imemhamia kwenye gauni. Mimi nilikaa nje ya mlango mpaka jua likazama. Sikuwa na mpango wowote.

Jumatatu, 10 Machi

Kidevu amemaliza chupa nzima ya maziwa na kutafuna mkono wa shati langu. Mke wangu amecheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu Alhamisi, na nimefurahi kuliko nilivyotaka aone.

Kisha akachomoa ufunguo wa zizi msumarini, akamkabidhi kaka yake mbele yangu. Shemeji akasema tutasaidiana. Alimaanisha, ndiyo maana iliuma.

Dozi ya pili ni baada ya wiki tatu. Uamuzi umetolewa kwa sauti ya chini: shemeji atachoma, mimi nitakaa juu ya uzio na daftari, kimya.

Nimelitafakari tangu mchana na sasa naliona vizuri. Huku ni kupandishwa cheo. Mwenye kuchoma anamwona ndama mmoja, mwenye daftari anaona zizi zima. Bila mimi hawajui lolote.

Kasoro ni moja tu, zile namba. Zinachosha macho na kumaliza wino. Kwenye ndoo bado kuna bluu kidogo. Kila ndama akichomwa, nitachovya kidole na kuweka nukta kwenye ukurasa. Ndama mmoja, nukta moja. Sijamwambia mtu.