Kinyonga Mmoja, Rangi Kijani

Jumatatu, 16 Juni 1975

Siku mbaya. Nimeona barua ya uhamisho mezani kwa Ndugu Elinaza, meneja wetu. Sikuisoma. Niliinua tu pembe yake kwa rula. Karani mmoja wa masijala anatakiwa kwenda ghala la Kibondo. Jina lilikuwa chini zaidi, na mlango ukafunguliwa. Masijala tuko makarani wawili tu, mimi na Kasiani. Kibondo! Treni hadi Kigoma, kisha lori, kisha Mungu.

Kasiani hana wasiwasi. Anapiga mluzi akipanga majalada. Mtu hapigi mluzi hivyo bila sababu.

Lakini nina mpango. Juzi Jumamosi tulikuwa Kibamba, kwenye shamba la Shirika. Kila ofisi sasa ina shamba, kilimo ni cha kufa na kupona. Kinyonga akatokea kwenye mahindi. Wafanyakazi wote wakatupa majembe wakakimbia. Mimi sikukimbia. Miguu ilikataa. Ndugu Elinaza, aliyekuwa tayari ndani ya Landrova, akasema kijana huyu ana ujasiri. Akauliza kupitia dirishani mdudu yule ana faida gani. Nikajibu, meno yakigongana, kwamba anakula wadudu waharibifu. Akakuna kidevu. Banda letu la Sabasaba halina cha kuonyesha isipokuwa magunia.

Leo nimeandika dokezo. Kwamba kinyonga, rafiki wa mkulima, aonyeshwe Sabasaba. Kwamba atunzwe na mtumishi mwaminifu, asiyehamishwa kabla kazi haijakamilika. Ndugu Elinaza ameandika pembeni kwa wino mwekundu: "Nimeona. Revelian atekeleze."

Nimepona!

Tatizo moja. Namwogopa kinyonga kuliko kitu chochote duniani. Kwetu Bukoba, bibi yangu akimwona alikuwa anatema mate mara tatu na kubadili njia.

Jumatano, 18 Juni

Tumemkamata. Nilitumia mti wa urefu wa futi kumi na macho nimefumba. Akapanda mwenyewe, polepole, kama mzee anayepanda ngazi za benki. Dereva akakataa kumweka ndani ya gari. Nilikaa nyuma, wazi, na sanduku la chai mapajani, kutoka Kibamba hadi Chang'ombe. Nilisali njia nzima.

Mzee Polikarpo, mtunza vifaa na mhakiki wa mali, alitusubiri getini. Kila kinachoingia Shirika kina fomu. Nikamsalimu shikamoo, akaitikia bila kuinua macho, akauliza aina. Kinyonga. Idadi. Mmoja. Hali. Mzima. Rangi. Hapo nikasita. Nikamweleza kwa heshima kwamba mnyama huyu, kwa kawaida yake, hana rangi moja. Mzee akasema fomu ina mstari mmoja wa rangi, na amehakiki mali tangu enzi za Mwingereza bila kuongeza mstari. "Sasa hivi ana rangi gani, kijana?" Nikatazama. Kijani. Nikaandika kijani, nakala mbili, saini.

Kisha akaleta brashi na rangi nyeupe. Alitaka kumwandika namba mgongoni, kama viti. Nilimsihi mpaka akakubali kuiandika kwenye sanduku.

Alhamisi, 19 Juni

Ofisini hakai. Demetria, mpiga chapa wetu, amesema yeye na mashine yake watahamia barazani. Nimeamriwa nimpeleke kinyonga kwangu.

Naishi Temeke, chumba kimoja kwa Mama Margareta, mjane wa kule Ndanda, mkali lakini safi. Nimemwambia sandukuni mna nyaraka za serikali. Akauliza mbona nyaraka zinakwaruza. Nikasema ni za siri.

Nimeweka wavu wa mbu juu, kitawi cha mpera ndani, kisosi cha maji, tonge la ugali na kipande cha dagaa. Hajagusa kitu. Jicho moja linatazama ugali. Jingine linanitazama mimi.

Ijumaa, 20 Juni

Amekuwa wa kahawia!

Tarehe 30 ni mwisho wa mwaka wa fedha. Siku hiyo Mzee Polikarpo anahakiki mali zote, kimoja kimoja, kitabu mkononi. Kitabuni ni kijani. Mwaka jana karani mmoja wa ghala alikutwa na taipureta yenye namba isiyolingana na kitabu. Alisema ni ileile. Hakuna aliyemwona tena ofisini. Mali ya umma si mchezo.

Nimefunika ndani ya sanduku kwa majani ya mkorosho. Bado kahawia. Nikafikiria shati langu la kijani la Chama. Nimelivua kwenye hanga, nikalirudisha, nikalivua. Nani ajuaye kosa lake ni nini, kumlaza mjusi juu ya shati la Chama? Nimelirudisha. Kisha nimeosha mikono.

Jumamosi, 21 Juni

Kasiani amekuja kunitembelea. Hajawahi kuja. Akatazama ndani ya sanduku, akacheka mpaka akashika ukuta. "Bwana Revelian, umemfunga kama mhujumu! Hata mahabusu hupewa dirisha!" Akasema kwao Newala ameishi na vinyonga uwanjani tangu utoto. Eti kinyonga hanywi kisosini, anyunyiziwe majani, alambe matone. Eti apate jua la asubuhi na kivuli cha mchana, hewa ya kutosha, tawi refu la kupanda. Eti anakula wadudu walio hai tu. Eti asishikwe-shikwe, hofu inamfanya awe mweusi.

Nimemshukuru sana. Kisha nimekaa kitandani nikafikiri. Kwa nini mtu ampe mwenzake ushauri mzuri, na barua ya Kibondo ina nafasi ya jina moja?

Nimefanya kinyume cha yote aliyosema. Nimeongeza kifuniko cha mbao.

Jumatatu, 23 Juni

Lazima ale. Kabla ya kazi nimekwenda bucha kukamata nzi. Foleni ndefu, nyama hakuna tangu Alhamisi, lakini watu wamepanga. Walidhani narukia mbele. Mwenye bucha akasema waniache. "Huyu karani wa Shirika hataki nyama yetu, mwacheni. Ameagizwa mboga na mkewe, mboga yenyewe nzi!" Foleni nzima ikacheka. Sina mke.

Nimepata nzi kumi na mmoja. Nimewaua vizuri, nikawapanga ndani ya bahasha ya ofisi. Kinyonga hakuwatazama. Nilisahau neno "hai".

Amekonda. Ngozi imeingia ubavuni. Rangi sasa kama majivu.

Jumatano, 25 Juni

Maafa. Nimerudi kutoka kazini nikakuta uwanja mzima umejaa majirani. Mama Margareta aliingia kufagia, akainua kifuniko. Anjelina, binti yake, ana mimba ya miezi saba na alikuwa nyuma yake mlangoni. Alianguka. Sasa amelala, mkono tumboni, anasema mtoto hachezi. Hakuna aliyenipigia kelele. Hilo ndilo lililonitisha. Walinipisha njia tu, kama mtu mwenye ndui.

Mama Margareta akauliza kwa sauti ya chini kitu kile ni cha nani. Nikasema cha Kasiani. Sijui neno lilitoka wapi. Akasema hadi kesho jioni kiwe kwa mwenyewe. "Na mwanangu akipatwa na jambo, Revelian, utahama mji huu, si nyumba hii tu."

Sikula.

Alhamisi, 26 Juni

Nimeandaa hati ya makabidhiano. Kinyonga mmoja, kama alivyo kitabuni, anakabidhiwa kwa Ndugu Kasiani kuanzia leo. Nakala mbili. Nilitegemea mabishano. Kasiani akatia saini akiwa amesimama, hata hakusoma! Akasema maskini mnyama, afadhali sasa atatulia. Nikamhurumia kidogo. Akifa, atafia kwake.

Mtoto wa Anjelina amecheza alasiri. Mama Margareta amenipa uji lakini ameuweka chini, mbali, akaondoka.

Jumamosi, 28 Juni

Nimekwenda Keko kwa Kasiani, kuona amefikia wapi kufa.

Hajafa. Kasiani amejenga banda la nyavu kuzunguka mpera mdogo uwanjani, refu kunishinda. Rosalia, dada yake, hunyunyiza majani asubuhi na jioni. Kinyonga amekaa juu ya tawi katika jua. Ubavu umeanza kujaa. Wa kijani! Kijani kama cha fomu. Panzi akatua, ulimi ukatoka, panzi hakuna. Majirani wanaangalia kwa mbali, wanashangilia kama mpirani.

Na nani alikuwa amekaa kwenye kigoda akinywa chai? Ndugu Elinaza. Akasema, mbele yangu, "Kasiani, hii ndiyo kazi."

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Jumatatu uhakiki, Jumatatu inayofuata Sabasaba, na sifa zote zake. Na Kibondo yangu.

Jumapili, 29 Juni

Nimefanya jambo la busara. Kasiani alikuwa misa ya pili. Nimemwambia Rosalia kwamba kaka yake amenituma, kinyonga anatakiwa ofisini mapema. Akaamini. Akamkatia tawi lake, akanipa na kichupa cha maji, akasema, "Kaka, usimzibe hewa." Nikasema sawa, dada.

Mpango ni rahisi. Kesho namleta mwenyewe kwa Mzee Polikarpo, akiwa kijani, mbele ya meneja. Itaonekana nilimtunza mimi.

Kwa kuwa kwa Mama Margareta haingii tena, nimemweka kwenye kopo la maziwa ya unga, nikafunga, nikaficha kopo ofisini nyuma ya kabati la majalada. Mlinzi nilimwambia nimesahau mwavuli. Nilitaka kutoboa matundu. Lakini nikafikiria jicho lake litakavyonichungulia, nikaacha.

Jumatatu, 30 Juni

Nilifika saa kumi na mbili na nusu. Nikafungua.

Mweusi. Mdomo wazi. Mwepesi kama ganda la hindi.

Sikumbuki niliamua nini. Nakumbuka mikono ikifanya kazi. Ilileta sanduku la chai lenye namba. Ilimlaza ndani. Iliweka sanduku mezani kwa Kasiani. Kisha nikaketi kwangu nikachonga penseli tano.

Kasiani alifika saa moja na dakika kumi, amehangaika, akaniuliza yuko wapi. Nikamwonyesha. Alimtoa na kumshika viganjani, kama anayempasha moto. Hajapiga mluzi tena.

Mzee Polikarpo alifungua kitabu. "Kitabuni kijani. Hapa mweusi. Kitabuni mzima. Hapa amekufa." Akampima kwa rula. Akasema huyu siye aliyepokewa, mali halisi imebadilishwa. Saini ya mwisho ni ya nani? Ya Kasiani. Kasiani akasema kwa utulivu kwamba Revelian alimchukua jana, Revelian aulizwe. Wote wakanigeukia. Nikatoa nakala yangu ya makabidhiano, nikasema kuanzia tarehe 26 mnyama yuko chini ya Ndugu Kasiani. Kila neno lilikuwa kweli.

Askari wawili wamemchukua saa sita kwa mahojiano. Pale mlangoni aligeuka. Nikainama kuokota penseli.

Jumanne, 8 Julai

Sabasaba imepita. Banda letu lilikuwa na magunia.

Leo Ndugu Elinaza ameniita. Akanipa barua ya Kibondo, jina langu limepigwa chapa juu ya jina lililofutwa. Nikauliza kwa heshima lililofutwa ni la nani. La Kasiani, akasema. Aliomba mwenyewe, tangu Machi. Ana mchumba mwalimu kule. "Sasa yuko ndani, na masijala umebaki wewe tu. Nifanyeje?"

Nilisaini kupokea.

Jumamosi, 12 Julai

Treni kesho. Nimefunga mizigo.

Rosalia alikuja asubuhi. Hakulia. Amepungua. Kasiani ana siku kumi na tatu ndani na anakohoa. Rosalia alishaeleza polisi kwamba mimi ndiye niliyekuja Jumapili, lakini wamemwambia neno la dada halitoshi. "Sikuombi makuu, kaka Revelian. Mstari mmoja. Kwamba ulikuja ukamchukua. Kesho hupo, utakuwa umepungukiwa na nini?"

Nikasema bila shaka, dada. Nikaketi nikaandika. "Mimi, Revelian, nathibitisha kwamba siku ya Jumapili tarehe 29 Juni..." Mwandiko mzuri sana. Kisha nikausoma kama atakavyousoma afisa. Alimchukua kwa nini? Alimweka wapi? Nani alimweka mezani? Mstari mmoja unavuta wa pili, wa pili unanivuta mimi. Nikachana.

Nikaandika mwingine. Kwamba kwa muda wote niliomfahamu, Ndugu Kasiani amekuwa mtu msafi, mwenye kuwahi kazini na kupenda wanyama. Tarehe, saini, anwani kamili. Barua nzito kabisa! Mtu yeyote angefurahi kuwa nayo.

Rosalia anasoma elimu ya watu wazima. Alisoma polepole, kidole chini ya kila neno, midomo ikitembea. Alipofika mwisho akageuza karatasi kuona kama upande wa pili kuna kitu. Kisha akaiweka juu ya begi langu na kwenda zake. Hakuaga. Watu hawana shukrani.

Lakini nisihuzunike bure. Nimepata wazo. Ghala la Kibondo linasifika kwa panya. Bundi anakula panya. Watu wanamwogopa bundi, kwa hiyo hakuna atakayeshindana nami. Mwaka mmoja wa kazi nzuri, na makao makuu wataniita wenyewe. Nimeshaandika dokezo, kurasa mbili. Kuna karani mwenyeji pale, anaitwa Kasimiri, wanasema ni mtu mwema, haulizi maswali mengi. Nimemwandikia barua ya kirafiki. Nitamwomba aweke saini yeye.