Nusu Saa kwa Hisani ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Sijapata kuona! Naongoza mabao matatu kwa mawili, dakika ya themanini na saba, mara kioo cheusi. Maandishi: umetolewa, mwanafamilia mwingine anacheza. Mwanafamilia gani? Mke wangu yuko zamu hospitali! Kifurushi chetu cha gemu ni cha familia nzima, ila anacheza mmoja tu kwa wakati. Nikanyata hadi chumba cha wageni, mlango wazi. Mama mkwe! Aliyekuja kuuguza goti! Mguu juu ya mto, kishikwambi mkononi, anafukuza majambazi kwa gari jekundu. Nikamwamkia kwa adabu zote. Akaitikia bila kuinua macho, akaniomba nishushe pazia, jua linampiga kwenye kioo. Nikashusha. Ningefanyaje?

Jumanne, 4 Machi

Nimetolewa mara nne. Nikamlalamikia mke wangu. Akasema yeye ndiye aliyempa mama neno la siri, asichoke na kitanda, na kwamba fundi makochi mzima, mwenye karakana yake, hagombani na mgonjwa. Mgonjwa! Jana kavunja rekodi yangu ya mbio za magari! Na Jumamosi saa kumi jioni nina nusu fainali ya gemu ya mpira ya mtaani na Kinyozi, jirani wa karakana. Ameshanifunga mara mbili. Wateja wake wote wanajua, hata wenye vipara.

Jumatano, 5 Machi

Dawa imepatikana. Kwenye mipangilio ya kifurushi kuna nafasi ya mlezi na nafasi ya mtoto. Mtoto hucheza nusu saa kwa siku, basi. Akitaka zaidi, mlezi aruhusu. Nimemfanya mama mkwe mtoto wa miaka saba! Nimejaza nikiwa kazini, simu mkono mmoja, nyundo mkono wa pili, misumari mdomoni. Rahisi kabisa. Nimepiga mluzi njia nzima.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa! Nimewasha gemu, dubu mwenye kofia akanipungia mkono: hujambo rafiki mdogo, una dakika thelathini! Nikapangusa kioo. Dubu yupo. Nimegeuza majina! Mtoto ni mimi. Mlezi wangu ni mama mkwe. Na kurekebisha kunataka ruhusa ya mlezi. Yaani niende kwa mama mzaa chema, nimwambie nilitaka awe na miaka saba? Afadhali nimeze misumari.

Ijumaa, 7 Machi

Nimenyamaza. Dubu ananiita bingwa.

Jumamosi, 8 Machi

Mchana nilijinoa kidogo, nikasahau kabisa kwamba dakika zinahesabiwa. Saa kumi Kinyozi akaingia sebuleni na wateja wawili, mmoja kanyolewa upande. Naongoza mbili bila. Mbili bila! Dubu akachomoza: muda wa kupumzika, mwite mlezi wako! Kinyozi akasoma kwa sauti. Akarudia, kwa ajili ya aliyenyolewa upande.

Nikaenda kusimama nje ya mlango wa mama mkwe. Umefungwa. Amelala. Kuingia siwezi, ni mkwe. Nikakohoa. Nikakohoa tena kama trekta. Akaamka, akauliza nani anaumwa kifua. Ikabidi nimwage yote, pale pale kizingitini, huku sebule nzima ikisikiliza. Jasho likanitiririka mpaka kwenye soksi.

"Saba?" akasema. "Mwanangu, si ungeniandika hata kumi, nikafunguliwa gemu za maana?"

Kisha akauliza kama nimekula. Nikasema bado. Akasema basi nikale kwanza, ruhusa baadaye. Niliporudi na sahani, Kinyozi alikuwa ameshajipa ushindi. Akanipapasa kichwa akitoka!

Jumapili, 9 Machi

Mama mkwe amenisamehe. Ameniongezea muda: saa nzima kwa siku, nikiwa na adabu. Saa nzima! Mimi, baba mwenye nyumba!

Lakini akili haijalala. Kifurushi kina nafasi moja ya mwanafamilia mpya. Leo asubuhi nimemsajili babu yangu wa kijijini, ambaye humu ndani hakuna anayemjua wala habari zake. Miaka tisini na mbili, hana mlezi, hana kikomo. Wala hayupo duniani, kwa hiyo hatanitoa. Nitachezea jina lake.

Chakula cha mchana, mama mkwe akauliza ni mzee gani anahamia hapa. Kishikwambi kimemtaka amthibitishe! Mdomo ukajiendea wenyewe: ni babu, anafika Jumanne. Amefurahi mno. Anamwachia babu chumba cha wageni, yeye anahamia sebuleni, kwenye kioo kikubwa. Mke wangu ameshatandika shuka mpya.

Sasa natafuta babu wa kuazima.